Redio ya Ridhaa: Umma Uione Kabla ya Janga

Tangu mwaka wa 1933, ukiondoa miaka ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, chama cha Marekani cha wapenzi wa redio, ARRL, kimekuwa kikiandaa zoezi ambalo kwa lugha yetu tungeliita Siku ya Uwanjani. Kila Juni, maelfu ya watu wenye leseni za redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao wala si kwa mshahara, huitoa mitambo nyumbani na kuipeleka viwanjani na mashuleni. Huko hutundika antena mitini, huwasha jenereta au hutegemea betri na nguvu za jua, kisha hutafutana hewani usiku na mchana.

Kinachonivutia mimi si mitambo. Ni kanuni za ushindani wenyewe. Kundi linaloweka kituo chake mahali pa umma huongezewa alama 100, na likiweka meza ya kuwaelezea wapita njia, huongezewa 100 nyingine. Kiongozi aliyechaguliwa na wananchi akizuru, alama huongezeka tena. Kuna hata kituo cha wageni, ambapo asiye na leseni huzungumza hewani huku mwenye leseni akisimamia. Kwa maneno mengine, kuonwa na umma ni sehemu ya kazi.

Na kuna sababu. Kimbunga Maria kilipokipiga kisiwa cha Puerto Rico mnamo Septemba 2017, takriban asilimia 95 ya vituo vya simu za mkononi vilinyamaza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliwaomba wapenzi wa redio waende kusaidia kupeleka habari za manusura kwa jamaa zao. Shirika hilo lilijua pa kubisha hodi. Mtaalamu asiyejulikana na mkuu wa wilaya, daktari wala mwalimu mkuu hataitwa siku ya msiba, hata awe na mtambo wa namna gani.

Wapo watakaouliza: haya ya nini katika enzi ya simu za kisasa na setilaiti? Swali ni la haki. Hata hivyo, simu hutegemea mlingoti, nao mlingoti hutegemea umeme. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, hata uwanja wetu mkuu wa ndege ukaonja giza. Redio ya mawimbi mafupi haihitaji mlingoti wa katikati: wimbi hupanda hadi tabaka la juu la angahewa, likapindwa na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Betri ya gari na waya uliopimwa vyema vyatosha kuusaidia mtambo. Mwalimu wa Fizikia anayefundisha mawimbi ubaoni ana hapa mfano unaosikika kwa masikio.

Lakini naona kasoro katika maonyesho mengi ya aina hii. Mgeni huonyeshwa taa na vitufe, akasikia sauti ya mtu wa mbali, akashangaa, akaenda zake. La maana zaidi ni jinsi ujumbe unavyoandikwa. Katika utaratibu wa ARRL, kila ujumbe hupewa nambari, daraja la uharaka, saa, mahali ulikotoka na idadi ya maneno yake. Mpokeaji huyahesabu maneno aliyoandika. Yakipungua hata moja, huuliza. Haongezi wala hapunguzi, na hafasiri apendavyo. Nani asiyejua jinsi habari za mafuriko zinavyovimba zikipita vinywani? Basi waalimu wa lugha nao wana haki ya kuliingilia jambo hili, wasiwaachie wanasayansi peke yao.

Kwetu Kenya msingi upo. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, vituo vyetu hutambulikana hewani kwa alama inayoanza na 5Z, na chama cha wapenzi wa redio kipo. Kinachokosekana ni mlango ulio wazi kwa umma, nami nadhani mlango huo ni shule. Tukumbuke Aprili na Mei 2024: mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili, na huko Mai Mahiu makumi ya watu walikufa usiku mmoja. Waliohamishwa na maji aghalabu hukimbilia madarasani. Ikiwa shule ndiyo kambi ya dharura, mbona isiwe ndipo wananchi wanapofunzwa namna ya kupeleka ujumbe?

Gharama ya kuanza si kubwa. Jumamosi moja ya muhula, mwenye leseni mmoja mwenye mtambo wake, betri, waya na fomu za ujumbe. Chifu aalikwe, na mwuguzi wa zahanati, na wazazi. Mwanafunzi mmoja aandike ujumbe wa maneno 20 kuhusu wagonjwa wa kubuni, mwingine katika shule ya mbali auandike anavyousikia, kisha karatasi mbili zilinganishwe mbele ya watu wote.