Chopa ya Lushoto na gari la kusubiri Mombo

Tangu Freeman Mbowe alipozunguka nchi kwa helikopta akigombea urais mwaka 2005, chopa imekuwa sehemu ya msimu wa kampeni Tanzania. Wananchi huisikia kabla hawajaiona, watoto huitimulia mbio hadi uwanjani, na mgombea hushuka vumbi likiwa bado halijatulia. Wanaoipanda ni wachache: wanasiasa na wasaidizi wao, viongozi wa serikali, watalii, wagonjwa wanaoteremshwa Kilimanjaro. Miongoni mwao wapo wanaopanda roho mkononi, na anayethubutu kulisema hilo huchekwa, huambiwa ni mshamba wa anga. Nadhani anachekwa bure. Hofu yake ni ya mtu mwenye akili timamu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mara nyingi anakiogopa kisichostahili kuogopwa sana na kukiacha kile kinachoua, na hakuna mahali panapolionyesha hilo vizuri kuliko milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Hofu yenyewe ina mizizi. Oktoba 15, 2015, zikiwa zimebaki siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu, Deo Filikunjombe, aliyekuwa mbunge wa Ludewa, alikufa pamoja na wenzake 3 helikopta yao ilipoanguka katika pori la Selous. Kwa ajali kama hiyo Kenya ilimpoteza waziri wake wa usalama wa ndani, Profesa George Saitoti, na naibu wake Orwa Ojode Juni 10, 2012, kisha mkuu wake wa majeshi, Jenerali Francis Ogolla, Aprili 18, 2024. Mkesha wa Krismasi wa 2025, helikopta ya uokoaji ilianguka Kilimanjaro, juu ya mita 4,000, ikaua watu 5. Kila ajali ina chanzo chake na si haki kuzitia zote kapu moja. Lakini mtu aliyesikia habari hizo mfululizo akiingiwa na baridi mbele ya ngazi ya chopa, hajakosea.

Muulize anaogopa nini. Atakwambia: haina mabawa, injini ikizima inashuka kama jiwe. Hapo ndipo anapopotea. Injini ikizima, rubani hushusha mkono wa kudhibiti mapanga ili mwinamo wake upungue na yasipoteze kasi. Hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha, na karibu na ardhi rubani hutumia mzunguko huo huo kupunguza kasi na kutua. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hili mara kwa mara. Nakubali kwamba Usambara haimpi rubani mahali pengi pa kutua, maana penye bonde kuna matuta ya viazi na pasipo matuta kuna msitu. Hata hivyo, injini kuzima ghafla si mwanzo wa misiba mingi iliyotikisa dunia. Mwanzo wake ni wingu.

Agosti 12, 2012, helikopta 4 za jeshi la Uganda zilikuwa zikivuka anga ya Kenya kwenda Somalia. Tatu za kivita, aina ya Mi-24, ziliishia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na askari 7 wakafa. Ya nne ilifika Garissa salama. Miaka 7 kabla yake, Julai 30, 2005, John Garang, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, alitoka Entebbe jioni kwa helikopta ya rais wa Uganda, giza na hali mbaya ya hewa vikaikuta safari milimani kusini mwa Sudan, na watu wote 14 wakafa. Helikopta ya mcheza kikapu Kobe Bryant na wenzake 8 iligonga kilima cha Calabasas, California, Januari 26, 2020, na wachunguzi wa Marekani hawakukuta hitilafu ya mtambo iliyosababisha ajali. Walikuta rubani aliyeingia ndani ya wingu akapoteza mwelekeo, akidhani anapanda kumbe anashuka. Sikio la ndani, linalotusaidia kusimama wima, hutudanganya tusipoona upeo wa macho. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu.

Sasa itazame Usambara. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400, na vilele vya Magamba vinapita mita 2,000. Kutoka Mombo hadi Lushoto, mpando huo umebanwa ndani ya barabara ya kilomita 30 na ushee, na kwa chopa ni dakika chache mno. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikifika kwenye ukuta huo haina njia ila kupanda, na ikipanda inapoa na kuwa wingu. Kwa hiyo rubani anaweza kuwa Mombo kwenye jua kali, huku Soni, iliyo njiani, haionekani na Magamba imefunikwa kabisa. Mkulima wa mboga wa Lukozi analijua hili kuliko mpangaji wa ratiba aliyeko Dar es Salaam. Katika himaya ya Wakilindi, watawala wa zamani wa Usambara, iliyokuwa na makao Vugha, mtawala alipimwa kwa mvua, ameiponya nchi au ameidhuru. Hapa mawingu yamesomwa vizazi na vizazi.

Linalonisumbua zaidi ya wingu ni sababu inayomfanya rubani mzoefu aliingie. Ripoti ya ajali ya Calabasas ilitaja shinikizo ambalo inaelekea rubani alijiwekea mwenyewe, yaani ile nia ya kumfikisha mteja mkubwa bila kumwangusha. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba kuna aliyemwamuru. Hata ukimya wa abiria hutosha. Basi fikiria kampeni zetu: mikutano mitano kwa siku, umati unasubiri tangu asubuhi, mgombea anatazama saa. Hata asipofungua mdomo, rubani amekwisha kumsikia.

Watajibu wengine kwamba barabara inaua zaidi, na kona za Mombo hadi Lushoto zinajulikana. Ni kweli magari yanaua Watanzania wengi mno. Ila tuangalie tulichojifunza kwenye basi. Abiria anapiga kelele "dereva, punguza mwendo!" na hakuna anayemwona mwoga. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, imeagiza mabasi yafungwe vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyolia dereva akizidisha, na abiria naye husikia. Sauti ya abiria wa basi imepewa heshima. Abiria wa chopa amevalishwa vifaa vya masikioni, amefungwa mkanda, na anatarajiwa kunyamaza. Si lazima ajue kurusha helikopta. Inatosha aulize kabla ya kupaa: ukungu ukitukuta tunarudi wapi, na ni nani mwenye neno la mwisho? Rubani mzuri hatalichukia swali hilo, kwa sababu linamwondolea mzigo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mgonjwa. Mama anavuja damu huko Mtae, mvua inanyesha. Nani atamwambia asubiri wingu lifunguke? Sina jibu jepesi. Lakini helikopta iliyogonga mlima haimfikishi hospitali, na inawaua pamoja naye daktari na rubani. Kinachowabeba mama wajawazito wengi wa nchi hii ni gari: mfumo wa m-mama, kwa namba 115, huita gari la wagonjwa, na lisipopatikana huita dereva wa jamii aliye karibu na kumlipa. Gari hupita kwenye ukungu taa zikiwa zimewashwa. Anayetaka kuokoa maisha Usambara aanze na barabara ya Mtae ipitike Aprili, halafu ndipo azungumzie chopa ya siku za jua.

Kwa wanaopanga ziara, ninachoomba ni kidogo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mkoa mzima wa Tanga usomwe, kisha rubani asipae kabla hajampigia simu mtu aliyesimama Soni na mwingine aliyesimama Magamba, kila mmoja aeleze anaona umbali gani. Gari lisubiri Mombo tangu asubuhi, na abiria ajulishwe mapema, mbele ya rubani, kwamba huenda akapanda mlima kwa matairi. Mkutano wa saa nane utaanza saa tisa na nusu. Watu wa Lushoto wamekwisha kuwasubiri wageni kwa muda mrefu kuliko huo.