Rhosus na Sisi Tusioambiwa Kitu

Kila tarehe 4 Agosti ndugu wa waliokufa katika mlipuko wa bandari ya Beirut, Lebanon, hubeba picha za watu wao, wakaandamana hadi bandarini na kuuliza swali ambalo hawajajibiwa: nani alijua, na kwa nini alinyamaza? Sisi tunaokaa karibu na bandari upande huu wa Bahari ya Hindi tunauliza pamoja nao, tena kwa uchungu. Mzigo uliowaua haukuwa wao. Ulikuwa unakuja huku, Beira, Msumbiji.

Rhosus ilikuwa meli kuukuu ya mizigo, urefu wake mita 86 hivi, iliyoundwa Japani mwaka 1986 na kupeperusha bendera ya Moldova, nchi ambayo hata haina ufukwe. Septemba 2013 iling'oa nanga Batumi, Georgia, ikiwa na tani 2,750 za amoniamu naitreti. Ni kemikali ile ile inayoingia katika mbolea ya kukuzia, ila hii ilikuwa ya kutengenezea baruti za kupasulia miamba. Kama safari ingekwenda sawa, ingeshuka Bahari ya Shamu, ikazunguka Pembe ya Afrika, ikateremka na pwani yetu hadi Beira, na hakuna mvuvi hata mmoja wa huku ambaye angejua kilichopita mbele ya ngalawa yake.

Haikufika. Fedha za kulipia Mfereji wa Suez zilikuwa hazitoshi, nahodha akaagizwa apitie Beirut aongeze mashine nzito. Mashine zilipoanza kupandishwa juu ya ngama, vifuniko vikabonyea. Wakaguzi wakaiona meli haifai kwenda baharini, wakaizuia, na mwenye meli akawatelekeza watu wake. Nahodha na mabaharia watatu wakakwama humo ndani karibu mwaka mzima bila mshahara, hata ikabidi wauze mafuta ya meli wapate kumlipa wakili. Hao nao ni wenzetu. Mwenye mali yuko nchi moja, bendera ni ya nchi nyingine, anayesubiri mzigo yuko ya tatu, na shida inawaangukia watu wa nchi ya nne ambao hawakuuza wala kununua chochote.

Mwaka 2014 shehena ikahamishiwa Ghala namba 12, bandarini hapo hapo. Kilichofuata ndicho kinachotuchoma roho zaidi. Kati ya 2014 na 2017 maofisa wa forodha waliandika barua mahakamani si mara moja wala mbili, wakiomba mzigo usafirishwe nje, au upewe jeshi, au uuzwe. Barua zikapigwa mihuri, zikapokelewa, zikawekwa. Rhosus yenyewe ikazama pale pale bandarini mwaka 2018. Julai 2020, majuma mawili tu kabla ya maafa, taarifa ya usalama ilimfikia rais na waziri mkuu. Kwa hiyo msituambie ilikuwa bahati mbaya. Waliojua walikuwa wengi, kuanzia mwenye funguo za ghala hadi ikulu. Wasiojua ni wakazi wa Karantina, Gemmayzeh na Mar Mikhael, waliokuwa wakilala, wakipika na kulea watoto mkabala na ghala hilo kwa miaka sita.

Wasiojua pia ni wazimamoto. Tarehe 4 Agosti 2020 jioni waliitwa kwenda kuzima moto bandarini, wakaenda watu kumi, mmoja wao muuguzi wa kikosi. Ipo picha iliyopigwa dakika za mwisho: vijana wanahangaika na mlango wa ghala, wanasukuma, wanajaribu kuufungua. Hakuna aliyewaambia wakimbie. Hakuna aliyewaambia kilichomo nyuma ya mlango ule. Saa kumi na mbili na dakika chache ghala likalipuka na wote kumi wakafa. Wakazi waliokuwa wamesogea madirishani kutazama moshi walikatwakatwa na vioo vya nyumba zao wenyewe. Waliokufa walizidi 200, waliojeruhiwa ni maelfu, na watu 300,000 hivi wakabaki bila makazi. Kishindo kilisikika hadi Kupro, ng'ambo ya bahari.

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilikadiria kuwa zilizolipuka ni tani 552 tu hivi. Nyingine zilikwenda wapi? Wananchi wanauliza, wakubwa wanatazama pembeni. Hakimu wa kwanza wa uchunguzi aliondolewa mwaka 2021. Wa pili alizuiwa kwa mashauri ya wanasiasa waliokataa kuhojiwa, akasimama miaka, akarejea tena mwanzoni mwa 2025. Na serikali ilipotaka kuyabomoa maghala ya nafaka ya bandarini yaliyobaki yamesimama baada ya mlipuko, ndugu wa marehemu ndio waliopinga, maana walijua yakiondoka ushahidi utakuwa umebaki vinywani mwao peke yao.

Huku kwetu tumezoea kunyamaza. Salfa inashushwa Dar es Salaam kwenda migodi ya shaba ya Kongo na Zambia, sianidi inakwenda migodi ya dhahabu. Unakuta lori limesimama kwenye foleni, ubavuni lina kibandiko cha pembe nne chenye fuvu la kichwa, na pembeni yake kuna daladala iliyojaa wanafunzi, bodaboda tatu na mama mwenye ndoo ya maandazi. Nani kati yao amewahi kufundishwa maana ya kibandiko kile? Afanye nini lori likipinduka: akimbilie upande gani, amwagie maji au asimwagie?

Hatusemi mizigo isije. Migodi inaajiri watoto wetu, na mbolea ndiyo inayotulisha. Lakini shehena ya hatari husafiri na karatasi zake, zenye jina la kemikali, uzito na namna ya kuuzima moto wake. Nahodha anazo, wakala wa meli anazo, forodha wanazo. Basi kikosi cha zimamoto kikabidhiwe nakala kabla meli haijafunga gatini. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye aelezwe ni ghala gani limewekwa nini, na limewekwa kwa muda gani. Na ukifika mwaka wa pili mzigo bado umelala pale, tuitwe mkutanoni, tuambiwe jina la aliyeuacha.