Hakutundika Daluga, Alitundikiwa

Tumechoka kusikia kwamba Colin Kaepernick alistaafu mapema. Mtu anayestaafu huita waandishi wa habari, akawashukuru makocha na familia, kisha akatundika daluga zake mwenyewe. Andrew Luck wa Indianapolis Colts alifanya hivyo Agosti 2019 akiwa na miaka 29, mwili umechoshwa na majeraha, akalia mbele ya kamera na kila mtu akamwelewa au akamlaumu. Kaepernick naye alikuwa na miaka 29 alipocheza mechi yake ya mwisho ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, tarehe 1 Januari 2017, San Francisco 49ers dhidi ya Seattle. Hakuaga. Alikuwa mzima wa afya, alikuwa akitafuta timu, na timu haikupatikana hata moja. Hadi leo hajatangaza kustaafu. Septemba 2023, karibu miaka saba baada ya mechi ile, aliwaandikia New York Jets barua akiomba walau nafasi katika kikosi cha mazoezi. Hiyo si barua ya mstaafu.

Sisi tunaolalamika hapa ni watu wa kawaida tunaoishi Marekani na kuongea Kiswahili majumbani mwetu: madereva wa malori, wauguzi, wapakiaji wa maghalani, walezi wa wazee. Wengi tulifika huku tukijua soka peke yake. Mchezo huu wa kubeba mpira mkononi na kugongana vichwa tulifundishwa na watoto wetu na wenzetu wa zamu, na wapo waliouanza mwaka 2013 kwa sababu tu Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Colts. Sasa ni mchezo wetu pia. Tunanunua jezi, tunalipia vifurushi vya televisheni, na hata asiyetazama kabisa anachangia viwanja. Uwanja wa Raiders kule Las Vegas ulitengewa dola milioni 750 za kodi ya hoteli. Buffalo, uwanja mpya ulitengewa dola milioni 850 za jimbo na kaunti. Kwa hiyo mwenye timu asituambie kwamba timu ni mali yake na hatuna la kumuuliza.

Kwa asiyefuatilia: Kaepernick alikuwa kwotabeki, na kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi, au akimbie nao. Timu ziko 32, kila moja ina wawili au watatu, na bado ligi nzima hulalamika kila mwaka kwamba kwotabeki mzuri ni adimu. Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kutuuma.

Kaepernick alizaliwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, akalelewa Turlock, California. 49ers walimchukua mwaka 2011. Novemba 2012 Alex Smith, kwotabeki wao, aliumia kichwa, kijana akaingia, na hakurudi benchi. Tarehe 12 Januari 2013 aliwakimbiza Green Bay Packers yadi 181 kwa miguu yake, kiasi ambacho hakuna kwotabeki aliyewahi kukifikisha katika mechi moja ya NFL kabla yake. Wiki tatu baadaye alikuwa New Orleans kwenye fainali ya ligi, Super Bowl, ile ambayo taa za uwanja zilizimika kwa dakika 34. Walikuwa nyuma sana, wakarudi, wakaishia yadi tano kutoka mstari wa kufunga. Baltimore Ravens 34, San Francisco 31. Kwotabeki wa Baltimore usiku ule alikuwa Joe Flacco. Likumbukeni jina hilo, maana tutalirudia.

Agosti 2016, wakati wimbo wa taifa unapigwa, Kaepernick alibaki ameketi. Alisema hawezi kusimama kuienzi bendera ya nchi inayowaonea watu weusi, akitaja polisi wanaoua na kuendelea kulipwa mshahara. Kisha Nate Boyer, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha jeshi na baadaye mchezaji, alizungumza naye, na kuanzia tarehe 1 Septemba akawa anapiga goti badala ya kuketi, pamoja na mwenzake Eric Reid.

Hata miongoni mwetu hatukukubaliana. Kuna wenye watoto jeshini, na kuna waliokula kiapo cha uraia wakiishika bendera hiyohiyo kwa machozi baada ya miaka mingi katika kambi za wakimbizi. Baadhi yao waliona goti lile ni utovu wa adabu na wanaona hivyo mpaka sasa. Tunawaheshimu. Lakini hata hao, ukiwauliza kama kupiga goti kimya kunatosha kumnyima mtu kazi maisha yake yote, wanatikisa kichwa.

Machi 2017 alijitoa kwenye mkataba wake. Uongozi mpya wa 49ers ulisema ungemwacha hata kama asingejitoa, kwa hiyo hatuna ugomvi hapo. Timu ina haki ya kubadilisha kwotabeki. Mwezi uleule, wakati Somalia ilikuwa katika ukame mkali, alijiunga na kampeni ya kutafuta ndege ya kubeba chakula, na Turkish Airlines ikakubali kubeba. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kuelezwa Somalia iko wapi. Alikuwa pia ameahidi dola milioni moja kwa mashirika ya wanyonge, na kufikia Januari 2018 alikuwa amezitoa zote. Huyo ndiye waliyemwita mvurugaji.

Kwanza walisema hana kiwango. Msimu wake wa mwisho alirusha pasi 16 za kufunga, na wapinzani walinasa nne tu. Ni kweli alishinda mechi moja kati ya 11 alizoanza, na hatufichi. Timu ile ilikuwa mbovu kila idara. Msimu mzima ilishinda mbili. Mwaka uliofuata Baltimore, wakati Flacco anaumwa mgongo, walimsajili kijana kutoka ligi ndogo ya ndani ya ukumbi. Miami, kwotabeki wao alipoumia goti Agosti 2017, walimfuata Jay Cutler, ambaye alikuwa amekwisha acha kucheza na kupata kazi ya utangazaji, wakampa dola milioni 10 arudi. Hatuna neno baya juu ya Cutler. Ameitwa kazini, ameenda. Tunachouliza ni hiki: aliyestaafu aliitwa, na asiyestaafu hakuitwa. Kiwango kilipimwa kwa mizani gani?

Halafu yapo ya Green Bay, na hapa tunajilalamikia sisi wananchi pia. Kati ya timu zote 32, hiyo ndiyo pekee isiyo na tajiri mmoja. Hisa zake ziko mikononi mwa mashabiki wa kawaida, wengine wamezitundika ukutani kama cheti cha ndoa. Iko Wisconsin, jimbo alikozaliwa Kaepernick. Tarehe 15 Oktoba 2017, Aaron Rodgers, kwotabeki wao, alivunjika mtulinga dhidi ya Minnesota. Siku hiyohiyo Kaepernick aliwasilisha shauri akidai kwamba wenye timu wamekula njama ya kumfungia, jambo ambalo mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unalikataza. Packers walibaki na msaidizi wao, Brett Hundley, wakamaliza msimu kwa ushindi saba na vipigo tisa. Ile mitaa iliyokumbuka vizuri yadi 181 haikumpigia simu. Kama timu yenye umma nyuma yake ilinyamaza, basi lawama haiwezi kuishia kwa matajiri.

Woga ulikuwa na chanzo, na hatutazunguka mbuyu. Tarehe 22 Septemba 2017, Rais Donald Trump alisimama Huntsville, Alabama, akawataka wenye timu wamfukuze yeyote anayepiga goti, na akamtukania mama. Kuanzia hapo suala likatoka uwanjani likawa la kura, la wadhamini na la tiketi. Tunaelewa mfanyabiashara anapoogopa hasara. Wengi wetu tuna vibanda, saluni, magari ya teksi. Tunajua mteja mmoja mwenye hasira anavyoweza kukuharibia mwezi. Lakini mwenye hofu aseme ana hofu. Asimpake mtu matope kwamba hajui kazi.

Hili la kusingiziwa uwezo ndilo linalotugusa kuliko yote. Wangapi kati yetu wamepeleka vyeti vya ualimu au vya maabara, wakasifiwa kwenye usaili, kisha simu haikulia? Hakuna aliyewaambia ni lafudhi, au jina, au neno walilomwambia msimamizi wa zamu iliyopita. Waliambiwa tumepata mwenye uzoefu zaidi. Unarudi nyumbani unaanza kujishuku mwenyewe, na hiyo ndiyo sehemu inayoua. Kaepernick ana fedha na sisi hatuna, hilo tunalijua. Alisaini mwaka 2014 mkataba uliotajwa kufikia dola milioni 126, ingawa sehemu kubwa yake hakuipata. Fedha haiondoi dhuluma. Kijana aliyefanya kazi tangu utotoni afike kwenye nafasi 32 za juu kabisa, akanyimwa miaka ambayo mwili wake bado unaiweza, hawezi kurudishiwa miaka hiyo na benki yoyote.

Novemba 2019 ligi ilimwandalia siku ya majaribio Atlanta. Ilitangazwa siku chache tu kabla, na ikapangwa Jumamosi, wakati makocha wanajiandaa kwa mechi za Jumapili. Pande mbili zikavutana kuhusu karatasi ya kusaini na kuhusu kamera, akahamia uwanja wa shule ya sekondari huko Riverdale, na wawakilishi wachache tu wakamfuata. Wapo waliosema alijiharibia mwenyewe. Labda angeweza kuvumilia masharti. Hata sisi tulibishana. Ila mkono wake ulionekana na kila mtu siku ile, mipira ilikwenda mbali na ilikwenda sawa. Ulipita msimu huo, ukapita mwingine.

Na mwingine huo ulikuwa wa 2020. Tarehe 25 Mei George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis, mji ambao baadhi yetu tunaishi na tuliuona ukiwaka. Siku 11 baadaye Kamishna Roger Goodell alitoa video akikiri kwamba ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Hakulitaja jina la Kaepernick. Misimu iliyofuata maneno ya kupinga ubaguzi yaliandikwa kwenye mistari ya nyuma ya viwanja na kwenye kofia za wachezaji. Walichukua ujumbe wake wakamwacha mwenyewe nje ya geti. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Denver Broncos, makwotabeki wao wote wakiwa karantini kwa ajili ya korona, walilazimika kumweka Kendall Hinton, mkimbiaji wa kudaka pasi kutoka kikosi cha mazoezi. Alijaribu pasi tisa, ikafika moja. Masharti ya korona hayakuruhusu kuleta mtu wa nje kwa siku moja, hatuwalaumu kwa hiyo Jumapili. Lakini tuliokuwa tunatazama wote tulimfikiria mtu mmoja.

Tulisema tutalirudia jina la Flacco. Novemba 2023 Cleveland Browns walikuwa wamepungukiwa makwotabeki, wakamwita akiwa nyumbani bila timu, na umri wake miaka 38. Aliwaingiza kwenye mchujo, na akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo. Tulifurahi naye kwa dhati. Mtu mzima alipewa nafasi akaonyesha kwamba bado anaweza. Yule aliyekuwa upande wa pili wa uwanja New Orleans, mdogo wake kwa karibu miaka mitatu, alikuwa ameandika barua yake kwa Jets miezi miwili tu kabla.

Sasa tunachodai. Hatudai arudi uwanjani. Wakati huo umepita, na hakuna kocha atakayeurudisha. Tunadai ukweli. Agosti 2018 msuluhishi Stephen Burbank alikataa ombi la ligi la kulitupa shauri lile, maana yake aliona kuna la kusikilizwa. Wenye timu walihojiwa chini ya kiapo. Kisha Februari 2019 pande mbili zikapatana, masharti yakawa siri, na kila kitu kikafungwa: funika kombe mwanaharamu apite. Kaepernick alikuwa na haki ya kupatana, kila mtu anajua uzito wake wa kubeba. Lakini ligi haina sababu ya kutuficha sisi tunaoijengea viwanja.

Mabwana wenye timu, fungueni faili hilo. Kama mlimwacha kwa sababu ya mpira, maelezo ya makocha wenu yataonyesha. Kama mlimwacha kwa sababu ya goti, semeni hivyo kwa midomo yenu, na muombe radhi kwa jina lake. Kuna wachezaji vijana vyuoni sasa hivi wanaojiuliza kama wanaweza kufungua kinywa bila kupoteza riziki, na wana haki ya kujua jibu kabla hawajasaini mikataba yenu.