Kilometa 350 Bila Frii

Mwezi huu sina ushauri wa mapenzi. Nina magoti mawili yanayouma na stori ndefu, kwa hiyo jiweke vizuri.

Wengi mnajua mimi naishi Mpanda na mume wangu yuko Tabora. Uhamisho wa kazi hauulizi kama mmeoana. Kila baada ya wiki mbili mmoja wetu anapanda basi, au ile treni ya Kaliua kwenye reli ambayo mkoloni aliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya hapa kwetu. Jumapili anarudi alikotoka. Tumezoea.

Ambacho sijawahi kukiandika hapa ni hiki. Mwaka jana, mwezi wa saba, mimba yetu ya miezi mitano ilitoka. Mume wangu alikuja, akapika, akafua, akanikalia wiki nzima, akarudi kazini. Tangu siku ile hatukuligusa tena. Simu zetu zikawa hivi: “Umekula?” “Nimekula.” “Luku ipo?” “Ipo.” “Haya, lala salama.” Ukisikiliza kwa nje utasema wale wanapendana kweli, hawagombani kabisa!

Baiskeli niliianza kwa sababu ya usingizi kukosekana. Hapa mjini kuna kundi letu la watu wa maofisini, tunaendesha alfajiri kabla ya kazi. Siku moja mshikaji mmoja akaleta habari za Wafaransa na safari yao ya Paris mpaka Brest na kurudi, kilometa 1,200 ambazo unapewa saa 90 kuzimaliza. Ilianza mwaka 1891, na mshindi wa kwanza, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22. Kilichonishika mimi ni kwamba baiskeli za wakati ule hazikuwa na frii.

Kwa wasiojua: baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga pedeli inaserereka yenyewe, unasikia nyuma tiki-tiki-tiki. Hiyo ndiyo frii. Baiskeli isiyo na frii, pedeli zinazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, na miguu yako imo humo humo. Mteremko, kona, uchovu, haijali. Nikaitaka.

Nikaenda kwa fundi wangu pale sokoni nikamwomba aichomelee frii ya baiskeli yangu isizunguke. Akaniangalia kwa huruma. “Dada, watu wananiletea frii zilizokufa nizifufue. Wewe umeniletea nzima niiue?” Akaiua. Ila alikataa katakata kutoa breki ya mbele, na Mungu ambariki kwa hilo.

Tulipopanga safari yetu ya kwanza ndefu, Mpanda mpaka Tabora, kama kilometa 350 za lami kupitia Koga, Ipole na Sikonge, mama mkwe alipiga simu. “Mwanangu, mwanamke aliyepata matatizo kama yako hapandi baiskeli.” Nikamwambia daktari ameruhusu. Akasema daktari hakuzaa mwanawe. Mume wangu naye: “Basi lipo. Kwa nini ujitese?” Nikamjibu sijui. Kweli sikujua.

Tulitoka tisa, Jumamosi saa 11 alfajiri, na pikapu moja nyuma yenye maji, mabomba ya kujazia upepo na ndizi. Tulijipa saa 30. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu ya kihasibu: meno 44 mbele, 18 nyuma, na ukubwa wa tairi langu, miguu ingezunguka kama mara 65,000 mpaka Tabora. Sikuwaambia wenzangu. Wangerudi nyumbani.

Asubuhi ilikuwa bomba. Baridi ya Juni, miombo imeanza kupukutika, barabara tupu. Jua lilipopanda wakaja mbung'o. Anayetoka Katavi anawajua. Wanapenda nguo ya buluu iliyokoza na nyeusi, na mwenzetu mmoja, nadhifu kama kawaida yake, alikuwa amevaa buluu juu mpaka chini. Jamani! Tulimcheka mpaka na sisi tukaanza kuumwa.

Kupanda vilima hakukunisumbua sana. Shida ni kuteremka. Wenzangu wanatulia wanakunywa maji, mimi miguu inakwenda kama cherehani, siwezi hata kujikuna. Kwenye mteremko mmoja kamba ya kiatu ikaingia kwenye cheni. Pedeli hazisimami, kiatu kinavutwa, mguu unafuata. Nilikamata ile breki ya fundi kwa nguvu zote, nikaishia majanini na soksi moja. Toka siku hiyo kamba nazichomeka ndani ya kiatu, na wewe ukijaribu fanya hivyo.

Baada ya Koga giza likaingia. Unaona tu duara la taa ya pikapu na mgongo wa aliye mbele yako. Hakuna anayeongea. Ni hapo nilipoanza kulia, tena si kwa maumivu. Nilihesabu miezi. Angekuwa anakaribia kutambaa na kushika-shika vitu. Nililia huku miguu inazunguka, kilometa nyingi tu, na hakuna aliyenifariji kwa sababu hakuna aliyeona. Sijui ningelia hivyo wapi kwingine. Ofisini? Kwa mama mkwe?

Ipole tulifika saa 4 usiku, tukala wali wa baridi, tukalala. Saa 9 tukaamshana. Magoti yalikuwa yamekakamaa kama mbao.

Sikonge kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Pembeni ya barabara alisimama mwanaume na Phoenix ya kuazima, karia kubwa nyuma, suruali ya ofisini imefungwa kwa mpira wa tyubu chini. Mume wangu. Alikuja na lori la tumbaku usiku. “Shemeji huyo!” wenzangu wakapiga kelele. Yeye akasema tu, “Zimebaki kama sabini. Twende.”

Mume wangu hajaendesha baiskeli tangu sekondari. Kwenye vilima alishuka akasukuma, nami nikawa najivuta nimsubiri. Kwenye miteremko akaniacha, tiki-tiki-tiki, ameketi kama mheshimiwa. Pale chini ananingoja. Tukaenda hivyo kama saa nzima. Wenzetu walishatangulia na pikapu tukaiambia iwafuate.

Halafu akaanza kuongea, macho mbele, kama mtu anayesimulia mechi. Kwamba mwaka jana aliagiza kitanda cha mtoto kwa fundi seremala pale Tabora, mninga, akalipa chote. Kilikamilika wiki ile ile. Hakwenda kukichukua. Fundi anampigia simu mpaka leo, kimemjazia karakana. Akienda kazini anazunguka mtaa wa nyuma asikutane naye.

“Mbona hukuniambia?”

“Ungelia.”

“Nimelia usiku kucha tangu Koga.”

Akaacha kukanyaga. Baiskeli yake ikaserereka kidogo, ikapunguza mwendo, akabaki nyuma. Nilitaka kumsubiri, ila miguu yangu ilikuwa inavutwa na pedeli, nikashika breki taratibu mpaka akanifikia. Uso wake ulikuwa umelowa. Hatukusimama. Aliniuliza walisema alikuwa wa kike au wa kiume, maana yeye hakuthubutu kuuliza hospitali. Nikamwambia wa kike.

Tabora tuliingia saa 4 na nusu asubuhi, ndani ya saa 30 kwa dakika 30 tu. Wenzangu walikuwa wanatungoja na soda kwenye mzunguko wa kuingilia mjini. Mume wangu akawapungia mkono, akakata kushoto kwenye mtaa nisioujua. Nikamfuata. Mbele kidogo nikasikia msumeno, na harufu ya mninga.