Utu Uzima: Miaka au Mafunzo?

Kiswahili hakikuupima utu uzima kwa miaka. Neno lenyewe, mtu mzima, lina dhana ya ukamilifu: kitu kizima ni kile kisichopungukiwa. Kubalehe ni jambo jingine. Ni kufikia kiwango cha maumbile tu. Wazaramo, Wayao na Wamakonde hawakuyachanganya mambo haya mawili. Mvulana alipelekwa jandoni. Mwari aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi, ndipo akatolewa nje. Mwili ulikua wenyewe, bali utu ulifunzwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume, lakini ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Wapo walioitetea tofauti hiyo kwa jina la mila na dini. Ni kweli kwamba mwari mara nyingi aliposwa punde baada ya kutoka ndani, na hilo ni doa la mila zenyewe. Kwa hiyo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitenda haki zilipoamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vilikiuka Katiba.

Hata hivyo, miaka 18 ni ukuta wa kumkinga mtoto, ukuta haufundishi. Mijini, kazi ya kungwi imehamia katika kicheni pati, ambako bibi harusi hufundwa siku chache kabla ya ndoa, baada ya kuupita ujana wake bila mwongozo huo. Mvulana amepoteza zaidi. Tohara imehamia hospitalini, aghalabu angali mdogo, na mafunzo ya jandoni hayakuhama nayo.

Kwa maoni yetu, idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Nyimbo, mafumbo na misemo ya jando na unyago ni fasihi simulizi. Yafaa ikusanywe kabla wajuzi wake hawajatutoka, kisha ichujwe. Yanayomfunza mwanamke kutii bila kuuliza yabaki kumbukumbu ya kihistoria. Yanayofunza kujistahi, kuutunza mwili na kubeba wajibu yafikishwe shuleni, kwa wasichana na wavulana sawia, kabla hawajatimiza miaka hiyo 18.