Mlo wa Hoteli Kubwa: Je, Wastahili Bei Yake?

Katika Kenya neno "hoteli" lina maana mbili, nazo zimeachana kama mlima na bonde. Hoteli ya kwanza ni ile ya mabati iliyo karibu na kituo cha mabasi. Haina kitanda hata kimoja, lakini ina sufuria za maharagwe, ndengu, matumbo na sukuma wiki, na chai ya maziwa inayochemka tangu alfajiri. Hoteli ya pili ni ile yenye bawabu mlangoni, vitambaa vyeupe mezani, na orodha ya vyakula ambayo baadhi ya majina yake humshinda msomaji kuyatamka. Zote mbili huuza chakula cha kuondoa njaa. Hata hivyo, bei ya sahani moja katika hoteli ya pili yaweza kuwa mara 10 ya bei ya ile ya kwanza, na pengine zaidi.

Tajiri hana haja ya kujiuliza kama tofauti hiyo ni ya haki. Swali hili ni la karani anayetaka kuwakaribisha wakwe zake mjini, na la mkulima aliyekuja Nairobi kwa mahafali ya mwanawe, naye anaona haya kumpeleka mahali pa bei ndogo siku kubwa kama hiyo. Watu wa namna hii hulipa fedha iliyotoka kwenye jasho. Basi yafaa wajue wanalipia nini.

FEDHA YAENDA WAPI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika hoteli kubwa chakula chenyewe ni sehemu tu ya bei. Mteja hulipia kodi ya nyumba iliyo katikati ya mji, umeme na jenereta, friji za kuhifadhia nyama na samaki, na ufuaji wa vitambaa kila siku. Hulipia pia vyakula vilivyonunuliwa visipate mlaji. Orodha ndefu ya vyakula ina gharama yake, maana kila jina lililoandikwa hapo lazima liwe na vitu vyake jikoni, aagize mtu asiagize.

Tena kuna mishahara. Mpishi Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeishi tangu 1846 hadi 1935, husifiwa kwa kuwapanga wapishi wa hoteli kwa vyeo kama askari: huyu wa michuzi, huyu wa nyama, huyu wa samaki, yule wa vitamu, na mkuu wao akisimamia wote. Mpango huo ungali ukifuatwa katika majiko makubwa ya dunia. Kwa hiyo sahani moja yaweza kupita katika mikono ya watu 4 au 5 kabla ya kumfikia mlaji, na kila mmoja wao ana watoto wa kulisha.

Juu ya hayo yote kuna haki ya Serikali. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Chakula cha shilingi 1,000 huwa shilingi 1,180 kabla mteja hajamfikiria mhudumu na bakshishi yake. Fedha ya ushuru huo haikupotea bure. Ushuru wa hoteli na mikahawa uliowekwa katika miaka ya 1970 ndio uliosaidia kukiendesha Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975, na vijana wengi wa nchi hii wamejifunzia humo upishi na uhudumu.

Basi si kweli kwamba kila mwenye hoteli ya bei kubwa ni mnyang'anyi. Mkahawa wa Noma, katika mji wa Copenhagen nchini Denmark, ulitajwa mara kadhaa kuwa bora kuliko yote duniani, na wageni walitoka mbali kwenda kula huko kwa bei ya kutisha. Hata hivyo, mwezi wa Januari 2023 mwenyewe, Bwana René Redzepi, alitangaza kwamba upishi wa namna ile, kwa jinsi ulivyokuwa ukiendeshwa, hauwezi kudumu kwa hesabu ya fedha wala kwa nguvu za wafanyakazi. Wanafunzi wengi waliofanya kazi katika jiko lile hawakulipwa mshahara kwa miaka mingi. Walianza kulipwa mwaka 2022. Bei kubwa, basi, si dalili ya faida kubwa, wala haithibitishi kwamba kila aliyeshika kisu jikoni amepata haki yake.

KIBANDA NACHO KIPIMWE

Mwenye kibanda hufuata njia nyingine kabisa. Huenda sokoni mapema, hununua kiasi cha kuuza siku ile, hupika vyakula vichache anavyovijua, na kufikia jioni sufuria zake zimekwisha. Hana friji ya kulipia wala kitambaa cha kufua. Mteja hukaa kwenye benchi dakika 15, hula, hulipa, humpisha mwenzake. Urahisi wa bei yake hutokana na mwendo huo, wala si lazima iwe dalili ya chakula kibovu.

Katika nyama choma kuna hata jambo ambalo hoteli kubwa ingefaa kujifunza. Mteja huichagua nyama yake ikiwa ingali inaning'inia, huiona ikipimwa kwenye mizani, hulipa kwa kilo, kisha hungoja mpaka iletwe juu ya ubao pamoja na chumvi, kachumbari na ugali. Alichokilipia amekiona kwa macho yake mwenyewe. Katika hoteli kubwa mteja huona jina tu, na uzito wa nyama huujua sahani inapowekwa mbele yake.

Wala ufundi haukai chini ya kitambaa cheupe peke yake. Biriani ya pwani ni shahidi. Vitunguu vyake hukaangwa mpaka vikawa vyekundu, nyama yake huiva katika rojo zito la viungo, na wali hupikwa mbali ili mchuzi na wali vikutane kwenye sahani. Hiyo ni kazi ya saa nyingi na ya mkono uliozoea. Nayo hupatikana katika mikahawa ya kawaida ya Mombasa, mahali ambapo hakuna bawabu wala orodha yenye jalada la ngozi. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini kibanda kisisifiwe kupita kiasi. Mahali pengi maji ni ya kubeba kwa ndoo, sahani huoshwa katika beseni moja kutwa nzima, na mtaro uko hatua chache kutoka jikoni. Sheria ya Kenya yamtaka kila mtu anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya yake na kuwa na cheti, na cheti hicho hupasa kufanywa upya kila baada ya miezi 6. Mteja ana ruhusa ya kuuliza habari yake, ingawa wachache hufanya hivyo.

Wala asidhani kwamba bei kubwa ni chanjo. Mwaka 1951 hadi 1953 marehemu Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi kabla ya kujulikana kwa siasa, na tangu siku zile mpaka leo kazi ya wakaguzi imehitajika katika majiko ya wakubwa na ya wadogo vilevile. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka 2017, baadhi ya waliougua walikuwa wamekula katika mikutano ya watu wa heshima, na mawaziri 2 walikuwa miongoni mwa waliolazwa hospitalini. Ugonjwa ule haukuuliza nani amelipa shilingi ngapi. Mlaji na atazame maji, mikono ya mpishi, na kama chakula kimefunikwa na kingali moto. Hayo ndiyo ya kumwongoza, kibandani na hotelini.

MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Kuna sababu nyingine inayowaingiza watu katika hoteli kubwa, nayo haisemwi sana. Zamani za ukoloni hoteli kubwa za Nairobi hazikumpokea Mwafrika mezani. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, boi au dobi. Mikono yake ilikanda mkate, ilichoma nyama, ilikoroga mchuzi, lakini hakuruhusiwa kuketi akavila. Ubaguzi huo ulianza kulegea katika miaka ya 1950, na baada ya Uhuru mwaka 1963 mlango ukawa wazi kwa kila mtu mwenye nauli ya kuingia.

Basi mwana wa mpishi yule aketipo leo katika chumba ambacho babaye alikijua kwa upande wa jikoni tu, fedha anayolipa si ya nyama peke yake. Ni haki yake kuona fahari, na mtu asimcheke. Mlo mmoja wa namna hiyo, pamoja na mzee mwenyewe akiwa hai, wastahili bei yake yote.

Hatari huja baadaye, fahari igeukapo kuwa deni. Mlango ukiisha kufunguka, hauhitaji kufunguliwa upya kila mwisho wa mwezi. Mtu anayerudi kila mara ili aonekane anaweza kuingia bado anatawaliwa na mlango ule, ijapokuwa bawabu humwinamia.

MKULIMA NAYE ANA NENO

Mkulima wa Nyandarua au wa Meru akisoma bei ya viazi vya kukaanga katika orodha ya hoteli, huhesabu kimoyomoyo ni viazi vingapi vya shamba lake vingenunuliwa kwa fedha ile, akaguna. Ana sababu ya kuguna. Lakini na afahamu kwamba hoteli kubwa hulipia hasa jambo moja: kitu kilekile, cha ubora uleule, siku ileile iliyoahidiwa.

Mwezi wa Januari 2022 maduka ya Kenya ya kampuni moja ya kigeni ya kuku wa kukaanga yalikosa chipsi, na wananchi wakashangaa kusikia kwamba viazi vyake vilikuwa vikiletwa kwa meli kutoka ng'ambo, hali nchi ina wakulima wa viazi chungu nzima. Kampuni ilijibu kwamba wauzaji wake lazima wathibitishwe kwanza kwa ubora. Wakulima walikasirika kwa haki. Hata hivyo, hasira haijazi ghala. Wakulima walio katika chama, wanaochagua mbegu safi, wanaotenga viazi kwa ukubwa na kutunza ahadi ya siku, ndio wanaoweza kudai fungu lao katika bei ile kubwa. Na mlaji wa mjini aweza kuwasaidia kwa swali dogo kwa mhudumu: viazi hivi na samaki huyu vimetoka wapi?

MIZANI YA MWENYEWE

Mfano huu utafaa. Karani anapata shilingi 40,000 kwa mwezi. Akimpeleka mkewe hoteli kubwa na kulipa shilingi 4,000, amekula sehemu 1 ya 10 ya mshahara wake kwa muda wa saa 2. Ikiwa chakula chake cha mchana kibandani ni shilingi 150, fedha ileile ingemlisha siku 26, yaani karibu siku zote za kazi za mwezi mzima, na ingebaki shilingi 100. Hesabu hii haimkatazi kwenda. Yamwonyesha tu anachobadilishana na nini.

Akiwa amewekeza kidogo kidogo kwa ajili ya siku ya ndoa yake, aende kwa moyo mweupe. Na akifika, aagize kile ambacho nyumbani hakiwezekani: samaki aliyepikwa kwa ufundi, mkate mwepesi wa tanuri kubwa, kitamu kilichohitaji siku nzima. Kulipa bei ya mara 10 kwa ugali na sukuma wiki, kwa kuwa tu vimewekwa kwenye sahani nyeupe pana, ni kununua sahani ambayo hataruhusiwa kuondoka nayo. Tena aulize bei kabla ya kuagiza, na aulize kama kodi imo ndani yake. Kuuliza bei si umaskini. Matajiri wengi walifika walipo kwa kuuliza.

Lakini akiwa anakwenda kwa kukopa, au kwa sababu wenzake wa ofisini walikwenda, au kwa kuogopa kwamba wakwe watamwona mnyonge, basi mlo huo ni ghali hata ukiwa wa nusu bei. Mkwe mwenye busara hufurahi zaidi kwa pilau iliyopikwa nyumbani kwa binti yake kuliko kwa meza ambayo mwenyeji wake anaitolea jasho kila sahani inapoletwa.

Kuna methali isemayo: Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ni kweli kwamba shibe ya jana haimsaidii mtu leo. Karo ya mtoto iliyolipwa jana, lakini, yangali ikimsaidia leo, na itamsaidia kesho. Mtu akiisha kuiweka hiyo kando, na ya mbegu, na ya kodi ya nyumba, kilichobaki ni chake. Akakile apendapo, kwenye benchi au kwenye kiti cha ngozi, na asimwogope mtu.