Mdogo wangu anapimwa mwendo, afanye mazoezi ili afaulu?

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu Jumapili usiku. Mwenyewe ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake.

"Habari za leo dada. Nina mdogo wangu wa kike, ameolewa na anaishi Ujerumani, ana watoto wawili. Anatibiwa ugonjwa wa MS. Daktari wake amempa vidonge vya kumsaidia kutembea, lakini vya wiki mbili tu. Ameambiwa wiki hizo zikiisha atapimwa mwendo kwa saa, na asipoonekana ameongeza kasi, vidonge vinasitishwa. Sasa kila jioni anajipima koridoni. Amebandika utepe wa gundi sakafuni, na mtoto wake mkubwa, wa miaka saba, ndiye anashika simu na kuhesabu sekunde. Juzi kajikwaa, kaanguka mbele yake. Anaogopa kufeli. Nimwambie nini? Akizidisha mazoezi si atafaulu?"

Nimeusoma mara tatu. Kila nikifika kwa yule mtoto mwenye simu nasimama kidogo.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe, niuelezee kwa kifupi. Multipo sklerosisi, au MS, ni hali ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochunika plastiki yake: umeme unapita, lakini unavuja njiani. Ujumbe unaotoka kichwani kwenda mguuni unachelewa au unafika dhaifu. Ulaya ya kaskazini na Canada wanaufahamu sana kuliko sisi tulio karibu na ikweta. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, umri uleule ambao mtu ana watoto wa kubeba, kuogesha na kukimbiza.

Vidonge alivyopewa, kwa maelezo hayo, naamini ni fampridini. Haviponyi MS wala haviizuii isiendelee. Kwa kazi hiyo zipo dawa nyingine, na mdogo wako asiziache. Fampridini inaziba vitundu vidogo kwenye zile nyuzi zilizochunika, ambamo potasiamu huvujia, ili ujumbe ufike mguuni ukiwa na nguvu zaidi.

Haimsaidii kila mtu. Mwaka 2009 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani na Canada kwa wagonjwa 301. Kati ya waliopewa dawa, asilimia 35 waliongeza kasi kwa namna iliyojirudia katika vipimo vingi. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, ni asilimia 8 tu. Waliofaidika, kasi yao ilipanda kwa wastani wa robo hivi. Kwa lugha ya nyumbani: katika wagonjwa watatu, ni mmoja hivi anayenufaika, na hakuna anayeweza kumtambua mapema kwa kumtazama. Ndiyo maana Ulaya utaratibu ni kumpa mgonjwa dawa ya wiki mbili hadi nne, kumpima, na kuisitisha asipopata nafuu. Daktari hamwonei mdogo wako. Anatafuta kujua kama yeye ni yule mmoja.

Sasa kipimo chenyewe. Ni futi 25, sawa na mita 7.62. Mgonjwa anasimama kwenye alama, anaambiwa atembee haraka kadiri awezavyo lakini kwa usalama, na mpimaji anahesabu sekunde mpaka avuke alama ya pili. Kisha anarudi njia ileile, na wastani wa safari hizo mbili ndio unaoandikwa. Fimbo inaruhusiwa, ila aliyeitumia mara ya kwanza aitumie na mara ya pili, la sivyo huwezi kulinganisha. Mtu mzima asiye na tatizo humaliza kwa kama sekunde 4.

Watafiti wa Marekani waliangalia mwaka 2013 sekunde hizo zina maana gani katika maisha. Waliotumia kuanzia sekunde 6 mara nyingi walikuwa wameanza kubadili kazi, kushika fimbo na kuhitaji msaada kidogo nyumbani. Kuanzia 8 mambo yalikuwa mazito zaidi: kigari cha kujishikilia, na shughuli za nyumbani kuwashinda. Na madaktari wengi hawashtuki mpaka badiliko lifike asilimia 20. Aliyetumia sekunde 10 jana na 9.5 leo hajabadilika. Miguu yetu sote ina siku zake. Akishuka hadi 8, hapo kuna la kuzungumza.

Kwa hiyo swali lako dada: akifanya mazoezi atafaulu? Huenda akapunguza sekunde kidogo, ndiyo. Mtu huzoea kipimo, hujua pa kuanzia na pa kujikaza. Lakini atakuwa amempa daktari jibu la swali jingine. Daktari anauliza kama dawa inafanya kazi, yeye anamwonyesha kwamba ameizoea koridoni. Mwisho wake atameza kila siku kidonge kisichomsaidia, na kidonge hiki si pipi.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Fampridini humezwa miligramu 10 asubuhi na 10 jioni, zikipishana saa 12. Ikizidi, inaweza kuleta kifafa. Akisahau dozi asifidie kwa kumeza viwili. Asimeze cha ziada asubuhi ya kipimo ili miguu ichangamke, na mtu anayeogopa kufeli anaweza kuwaza hivyo. Aliyewahi kupata kifafa hapewi dawa hii, na mwenye figo dhaifu pia, kwa hiyo kama lipo jambo la hivyo hakulitaja, alitaje sasa.

Tena mita saba na nusu hazisemi yote, na mdogo wako ana haki ya kulisema hilo hospitali. Kuna mtu anayeruka hizo mita kama kawaida, lakini ukimtuma dukani anarudi anaburuta mguu. MS huchosha. Kwa ajili hiyo kuna kipimo cha kutembea dakika 6 na kuona umefika umbali gani, na kuna hojaji ya maswali 12 ambayo mgonjwa mwenyewe anaeleza jinsi ugonjwa ulivyomwathiri katika kutembea, kupanda ngazi, kusimama na mengineyo. Hojaji hiyo inakubalika katika kuamua kama dawa iendelee. Aulizie kama atajaziwa. Halafu joto: wagonjwa wengi wa MS mwili ukipata joto dalili hupanda kwa muda, hivyo kipimo cha asubuhi ya baridi na cha mchana wa kiangazi baada ya kukimbilia basi si kitu kimoja. Akiwa amechoka au ana homa siku hiyo, aseme kabla ya kupimwa.

Badala ya utepe sakafuni, achukue daftari. Kila jioni aandike mistari miwili: leo nimemfikisha mtoto shule bila kusimama, au nimesimama mara mbili, ngazi nimepanda nimeshika ukuta, au sikushika, nimeanguka, au sikuanguka. Kule kuanguka kwa juzi kunatakiwa kuwa mstari wa kwanza. Siku 14 za maelezo kama hayo ukiziweka mezani pamoja na zile sekunde, daktari anapata picha ambayo saa peke yake haiwezi kumpa.

Na mtoto aondolewe kwenye kazi ya kuhesabu. Mimi sina mtoto bado, msinicheke, lakini hata mimi najua mtoto wa miaka saba akiona namba imepanda na mama kanuna, ataamini amehesabu vibaya. Aambiwe tu kwamba mama ana miguu inayochoka, na kwamba kazi ya kupima ni ya nesi.

Nilimtumia dada majibu haya kabla ya gazeti kutoka. Alinijibu jana asubuhi: utepe umebanduliwa, daftari limenunuliwa, na mtoto ameomba awe anachora picha kwenye kurasa za nyuma. Kipimo ni Jumatatu.